Mwenzako Akinyolewa: Somo la Kitengela kwa Wafugaji na Wakulima wa Rombo

Ardhi huweza kugawanywa kwa kamba na vigingi, na kila mtu akapewa cheti chake. Lakini mvua haijui mpaka wa cheti, wala majani hayaoti kwa kufuata seng'enge. Ng'ombe aliyefungiwa katika eka 60 mwaka wa ukame atakufa katika eka hizo 60, ijapokuwa mvua imenyesha ng'ambo ya ua. Hilo ndilo jambo kubwa linalowakabili wenyeji wa Kajiado katika siku hizi za kugawa ardhi, na linawahusu hasa watu wa Rombo, ambao bado wana nafasi ya kuchagua.

Rombo inayotajwa hapa ni ile ya Kenya, iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa mashariki, katika Kajiado Kusini. Si Wilaya ya Rombo iliyo ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, ingawa nchi hizo mbili ni jirani na hunywa maji ya mlima mmoja. Upande mmoja wa Rombo ni miteremko ya mlima, na upande wa pili ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Maji ya chemchemi huongozwa kwa mifereji mpaka katika mashamba ya nyanya, vitunguu, mahindi na maharagwe. Mbali na mifereji hiyo nchi ni kavu, nchi ya migunga, ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini. Basi katika mahali pamoja wako mkulima, mchungaji na ndovu, na wote watatu wanatafuta maji yale yale.

Kaskazini ya hapo, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, iko Kitengela, mlangoni mwa jiji la Nairobi. Kitengela nayo ilikuwa nchi ya malisho, tena wazi. Mambo yaliyoipata katika muda wa miaka 40 yafaa kuangaliwa kwa makini na kila mwenye ng'ombe wa Rombo kabla ya kununua mviringo wake wa kwanza wa seng'enge.

YALIYOTOKEA KITENGELA

Hifadhi ya Nairobi ilianzishwa mwezi wa Desemba mwaka 1946. Ni ndogo, kilomita za mraba 117 tu. Imezungushiwa ua pande tatu, na upande wa kusini imeachwa wazi kuvuka Mto Mbagathi. Upande huo ndio uliokuwa uhai wake. Mvua ziliponyesha, nyumbu na punda milia walitoka na kwenda kula majani mafupi na kuzaa katika nyanda za Kitengela na Athi. Kiangazi kilipokuja walirudi hifadhini penye maji. Hifadhi ilikuwa kama boma, na nyanda za Wamaasai zilikuwa ndiyo malisho.

Sheria ya Wawakilishi wa Vikundi ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kuandikisha ardhi yao kwa pamoja katika ranchi za jamii. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata sehemu yake. Watu walikuwa na sababu nzuri za kutaka hivyo. Wengi hawakuziamini tena kamati zilizosimamia mali ya wote, na kila mmoja alitaka hati ya kwake, ambayo angeweza kuipeleka benki na kuwaachia wanawe. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa hilo.

Walakini Nairobi ilikuwa karibu, nayo ilikuwa inakua. Mwaka 1990 viwanda vya kutengeneza bidhaa za kuuzwa ng'ambo vilianza kuwekwa Athi River. Wafanya kazi walihitaji nyumba, na wajenzi walihitaji mawe na viwanja. Mwenye ardhi aliyepungukiwa karo ya shule aliuza eka mbili, mwaka uliofuata akauza tano. Mnunuzi alizungushia ua, jirani yake naye akazungushia ua, na baada ya muda mchungaji aliyekuwa akipeleka ng'ombe kisimani kwa njia iliyonyoka alilazimika kuzunguka kwa saa nyingi.

Wanyama walipatwa na hasara kubwa zaidi. Katika mwaka 1978 nyumbu wa nyanda hizo walikadiriwa kuwa karibu 30,000. Ilipofika mwaka 2011 walikuwa chini ya 5,000. Wala si Kitengela peke yake. Hesabu zilizopigwa kwa ndege katika nchi za wafugaji wa Kenya zaonyesha ya kuwa kati ya mwaka 1977 na mwaka 2016 wanyama wakubwa wa porini walipungua kwa wastani wa asilimia 68.

Mtu aweza kusema, "Nyumbu si ng'ombe wangu, wakiisha, nimepoteza nini?" Jibu lake ni kwamba kilichowaua nyumbu ndicho kinachowaua ng'ombe. Wote wawili huishi kwa kuhama kufuata mvua. Ua unaomzuia nyumbu kufika penye majani humzuia ng'ombe pia. Katika ukame wa mwaka 2009, na tena katika ule uliodumu toka mwaka 2020 mpaka mwanzo wa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi sana. Mizoga ya ng'ombe na mizoga ya punda milia ililala katika uwanda mmoja.

KODI YA SHILINGI 300

Hata hivyo watu wa Kitengela hawakukaa kimya. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili waache ardhi yao wazi. Aliyejiunga alilipwa shilingi 300 kwa kila eka kwa mwaka. Naye kwa upande wake aliahidi kutozungusha ua, kutochimba mawe, kutouza sehemu hiyo, na kutowadhuru wanyama. Aliendelea kuchunga ng'ombe wake kama kawaida. Mwenye eka 100 alipata shilingi 30,000 kwa mwaka, na malipo yaligawanywa ili yafike wakati wa karo za shule, kwa kuwa ni karo zilizokuwa zikiwalazimisha wengi kuuza.

Mpango huo ulianza na jamaa wachache sana, na baada ya miaka michache jamaa zaidi ya mia moja walikuwa wamejiunga. Watoto walisomeshwa kwa fedha hizo bila kuuza ardhi. Huo ulikuwa ushahidi ya kwamba mfugaji hawachukii wanyama. Huchukia kuwalisha bure.

Lakini mpango ulikuwa na udhaifu wa namna mbili. Kwanza, fedha zake zilitoka kwa wafadhili, na mkono wa mfadhili huchoka. Pili, kodi ya shilingi 300 haiwezi kushindana na bei ya kiwanja karibu na jiji. Ulikuja baada ya ardhi kwisha kugawanywa na kuanza kuuzwa, ukawa kama mtu anayekinga maji kwa mikono yake. Ungalianzishwa miaka 15 mapema, kazi yake ingalikuwa rahisi zaidi.

Hapo ndipo Rombo inapokuwa na bahati. Iko mbali na Nairobi, na bei ya ardhi haijafikia ile ya Kitengela. Karibu nayo iko Kimana, ambako ranchi ya jamii iligawanywa, kila mwanachama akapata eka 60, lakini wenye ardhi waliopakana na njia ya ndovu walijiunga katika vikundi na kuikodisha kama hifadhi. Aidha, Rombo yenyewe ni mshirika katika mpango wa milima ya Chyulu, pamoja na Kuku, Kuku A na Imbirikani. Katika mpango huo jamii hulipwa kwa kuacha miti na majani yasimame, kwa sababu mimea huzuia hewa chafu ya kaboni isiende angani. Kwa hiyo njia za kupata fedha kwa ardhi iliyo wazi zipo. Lakini hakuna awezaye kulipwa kwa msitu uliokwisha kuwa makaa.

SIMBA NA NDOVU

Si haki kuwaambia watu wawatunze wanyama bila kutaja hasara wanayoipata. Simba akiingia bomani usiku mmoja aweza kuua ng'ombe wa karo ya mwaka mzima. Ndovu wachache wakiingia katika shamba la nyanya la Rombo, kazi ya msimu huisha kabla ya mapambazuko, na tena mwenye shamba huhatarisha maisha yake akitoka kuwafukuza.

Sheria ya Wanyama wa Porini ya mwaka 2013 imeweka fidia. Jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama zastahili shilingi milioni 5, na ipo fidia kwa majeraha, mifugo na mazao. Lakini malipo hayo yamekuwa yakichelewa sana, na mkulima aliyepoteza mazao leo hawezi kula fidia ya miaka ijayo. Kwa hiyo kinga ni bora kuliko madai.

Kinga moja ilibuniwa Kitengela kwenyewe, na mtoto. Richard Turere alikuwa na umri wa miaka 9 alipopewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, kwao kupakana na Hifadhi ya Nairobi. Alijaribu moto, akaona unawaonyesha simba ng'ombe walipo. Alijaribu sanamu ya mtu. Simba walikuja siku ya kwanza wakaogopa, siku ya pili wakatambua ya kuwa haisogei. Ndipo usiku mmoja alipozunguka boma akiwa na tochi, akaona simba hawakuja. Akafahamu kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri ya gari, kioo cha kuvuta nguvu ya jua, kifaa cha taa za pikipiki na balbu za tochi, akazitundika kuzunguka boma ziwe zikiwaka na kuzimika kwa zamu. Simba hawakurudi. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kueleza habari hiyo, na taa za namna yake zimewekwa katika maboma mengi.

Kwa ndovu, mfano mzuri uko Sagalla, katika Taita-Taveta, karibu na Tsavo Mashariki. Huko tangu mwaka 2009 wakulima wamekuwa wakizungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwa kupishana meta 10, ikiunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hukimbia, kwa kuwa ndovu huogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga. Mkulima hupata asali juu ya mazao yake. Ua huo si dawa kamili: mwaka wa ukame nyuki huhama kwa kukosa maua, na mizinga mitupu humtisha ndovu kwa muda mfupi tu. Lakini gharama yake ni ndogo kuliko ya ua wa umeme, na kazi yake yaweza kufanywa na watu wa kijiji wenyewe.

KURUDISHA MAJANI

Kuacha ardhi wazi hakutoshi ikiwa ardhi yenyewe imekuwa jangwa. Sehemu nyingi za Kajiado zimechungwa mpaka udongo ukabaki uchi. Mvua ikinyesha juu ya udongo wa namna hiyo, matone huupiga ukawa mgumu kama sakafu. Maji hayaingii, hutiririka yakichukua udongo mzuri na mbegu, na kuchimba makorongo. Mahali pengine, kama huko Isinya, yameota magugu ya jamii ya kiazi kitamu ambayo ng'ombe hawayapendi, nayo huyasonga majani mazuri.

Katika Kuku, jirani ya Rombo, wenyeji wameonyesha dawa yake. Kwa jembe na sururu huchimba mashimo ya nusu duara, kila moja likiwa na urefu wa meta 5 hivi na upana wa meta 2 na nusu. Udongo uliochimbwa hufanywa tuta upande wa chini, na mdomo wa nusu duara huelekea juu ya mteremko. Maji yanayoshuka huingia humo, husimama, kisha huzama ardhini badala ya kukimbilia bondeni. Ndani yake husiwa mbegu za majani. Kwa kuwa ardhi imevunjwa na unyevu umebaki, mbegu huota, na baada ya misimu michache majani hutoka nje ya mashimo na kuenea katikati yake. Kutoka juu nchi huonekana kama ngozi ya chui, madoadoa mabichi juu ya udongo mwekundu.

Mbegu zifaazo ni za majani ya asili ya nchi kavu, ambayo wataalamu wa utafiti wa mifugo huko Kiboko wameyajaribu kwa miaka mingi: kama vile Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. Mbegu zilizovunwa zafaa kuwekwa miezi kadhaa mahali pakavu kabla ya kupandwa, maana mbegu mpya nyingi hukataa kuota. Zipandwe karibu na mvua, zifunikwe kwa udongo kidogo sana, na mifugo wasiingie mpaka majani yamekomaa na kuangusha mbegu zake. Anayewaingiza ng'ombe mapema hupoteza mbegu, kazi na fedha kwa siku moja.

Jambo hilo la kufunga malisho si geni kwa Wamaasai. Tangu zamani wametenga olopololi, yaani malisho ya ndama na ya wanyama wagonjwa karibu na boma, wala hakuna aliyethubutu kuyaingilia. Siku hizi vikundi vya akina mama katika nchi ya Amboseli vimechukua desturi hiyo na kuifanya shamba la majani. Hufunga kipande cha ardhi, huotesha majani, huvuna mbegu na kuuza, kisha hukata majani makavu na kuyauza kwa wenye ng'ombe wakati wa kiangazi. Mama asiyekuwa na hati ya ardhi wala ng'ombe wa jina lake hupata fedha zake mwenyewe.

Miti nayo hurudi bila kupandwa. Huko Dodoma, katika Tanzania, maelfu ya wakulima wamefundishwa njia iitwayo Kisiki Hai. Mkulima huchagua visiki vinavyochipua katika shamba lake, hubakiza machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, hutia alama ili yasikatwe, na kuyalinda yasiliwe na mbuzi. Mizizi iko tayari ardhini, kwa hiyo mti hukua upesi kuliko mche. Mgunga uliokatwa makaa Rombo waweza kurudi kwa njia hiyo hiyo.

NG'OMBE NA PUNDA MILIA

Wafugaji wengi husema ya kuwa punda milia huwaibia ng'ombe majani. Jambo hilo lilipimwa Laikipia, katika viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa mwaka 1995, ambako sehemu nyingine ziliingiwa na ng'ombe peke yao, na sehemu nyingine na ng'ombe pamoja na wanyama wa porini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Wakati wa kiangazi wafugaji walikuwa na haki: ng'ombe waliochanganyika na wanyama walipungukiwa. Lakini wakati wa mvua mambo yaligeuka. Punda milia walikula mashina magumu na majani makavu, yakachipua mapya laini, na ng'ombe wao wakanenepa kuliko wale waliokuwa peke yao. Basi mnyama wa porini ni mdeni wakati wa kiangazi, na mlipaji wakati wa mvua. Mfugaji mwenye busara hutenga malisho ya akiba kwa ajili ya kiangazi.

KUGAWA KWA BUSARA

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imechukua mahali pa ile ya 1968. Kwa sheria hii kamati haiwezi kuitoa ardhi ya jamii kwa siri. Uamuzi wa namna hiyo wahitaji kukubaliwa na angalau theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo kila mtu mzima wa jamii yafaa ahakikishe ya kuwa jina lake limo katika daftari, na ahudhurie mkutano. Asiyehudhuria atagawiwa alichobakiziwa.

Hata jamii ikiamua kugawa, si lazima igawe kila shubiri. Kwanza, chemchemi, kingo za mito na njia za kupeleka mifugo majini zibaki mali ya wote na ziandikwe hivyo katika ramani kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Pili, mashamba ya mifereji yawekwe pamoja, ili yaweze kulindwa kwa ua mmoja au kwa mizinga, badala ya kutawanyika katikati ya njia ya ndovu. Tatu, malisho ya kiangazi yatengwe, na wanaopakana waandikiane kuchunga pamoja bila ua. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi yenye hati kuwekewa sharti la kuhifadhiwa, sharti ambalo hubaki hata ardhi ikipata mwenyewe mwingine. Nne, asiuze mtu kwa ajili ya haja ya mwaka mmoja kitu kitakachohitajiwa na wajukuu wake.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kitengela imekwisha nyolewa. Wenyeji wake walipata hati, na wengi wao hawana tena mahali pa kupeleka ng'ombe mvua inapokosekana. Watu wa Rombo bado wana chemchemi, bado wana njia zilizo wazi kuelekea Tsavo, na bado wana mkutano wa jamii ambamo neno la kila mmoja huhesabiwa. Mambo hayo matatu yakitumiwa kwa umoja, mkulima atavuna, ng'ombe watashiba, na ndovu atapita aende zake.